Tumefungwa au wamefungwa? Sarufi ya shabiki wa kweli

MSOMAJI mmoja wa safu hii ameniandikia kutoka Kibwezi akitaka nimwamulie ubishi uliozuka kati yake na shemeji yake. Shemeji huyo, aishiye Nairobi na aingiaye uwanjani kila wikendi, anashikilia kwamba mtu ambaye hajawahi kununua tiketi wala kuketi kwenye jukwaa la uwanja hana haki ya kujiita shabiki. "Huyo ni mtazamaji tu," asema shemeji. Msomaji wangu, ambaye hutazama mpira kwenye banda la sokoni, ameumia. Anauliza: je, Kiswahili kinasemaje?

Kiswahili kinasema mengi, ila si pale ambapo wengi wetu tungetafuta kwanza. Tungekimbilia kamusi, na kamusi ingetuambia kwa ufupi kuwa shabiki ni mtu apendaye jambo fulani kupita kiasi. Hapo tungekwama. Kiasi gani ndicho kiasi? Nani akipime?

Neno lenyewe lina mvuto. Katika Kiarabu, mzizi wa sh-b-k hubeba maana ya kunasa, kufumana na kusokotana, na ndimo linamotoka neno shabaka, yaani wavu. Sitaki kudai zaidi ya hapo kuhusu asili ya neno letu, lakini picha hiyo inanipendeza: mtu aliyenaswa. Aliyenaswa hakuchagua saa ya kuingia wavuni na hana saa ya kutoka.

Majirani zake katika msamiati si haba. Mpenzi wa soka ni mtu mpole. Huyo hufurahia mchezo mzuri hata ukichezwa na wapinzani, na ndiye watangazaji wa redio wanayemsalimu kwa heshima. Mfuasi huja nyuma ya kitu, kwa hiyo kitu hicho kikipotea njia naye hupotea. Mkereketwa, neno ambalo Watanzania wamelitumia sana katika siasa, hutokana na kukereketa, ule mwasho wa kooni usiokuacha ulale. Mwanachama ana kadi na ada. Pale Dar es Salaam kwa Yanga, iliyoasisiwa 1935, na Simba, iliyoanza 1936, mwanachama amekuwa na kura kwenye mkutano mkuu wa klabu. Kisha mitaani wana misemo yao: Simba lialia, Yanga damu, na yule mwenye 'unazi' ambaye hasikii la mwadhini wala la mnadi swala. Sisi Wakenya tuna shabiki sugu na shabiki kindakindaki. Ukiyatazama maneno haya yote utaona kwamba jamii imehangaika kweli kumtaja mtu huyu.

Wala si sisi peke yetu. Mwitaliano humwita shabiki 'tifoso', neno lililotokana na jina la homa ya tifasi. Mbrazili husema 'torcedor', mwenye kusokota. Inasimuliwa kuwa watazamaji wa zamani kule Rio de Janeiro walikuwa wakisokota leso mikononi kwa wasiwasi. Wazungumzaji wa Kihispania wa Amerika Kusini husema 'hincha', kutokana na kitenzi cha kujaza upepo. Simulizi inayopendwa huko ni ya Prudencio Miguel Reyes, fundi wa ngozi aliyejaza upepo mipira ya klabu ya Nacional jijini Montevideo mwanzoni mwa karne ya 20, na ambaye kelele zake kando ya uwanja zilikuwa kubwa kiasi kwamba kazi yake ikageuka jina la mashabiki wote. Mgonjwa, msokotaji, mjaza upepo, mnaswa. Hakuna hata lugha moja kati ya hizi iliyomwita 'mnunuzi wa tiketi'.

Hata hivyo, nomino hazitatufikisha. Mtu anaweza kujipachika jina lolote. Ninalopendekeza ni kwamba tusikilize vitenzi vyake, tena baada ya timu yake kushindwa.

Kiswahili, kama lugha nyingi za Kibantu, hakimruhusu msemaji kutaja tendo bila kumtaja mtenda au mtendwa ndani ya kitenzi chenyewe. Mwingereza anaweza kubwata "Lost again!" na asijulikane amesimama upande gani. Mswahili lazima achague. Timu ikishindwa, ana njia tatu. Anaweza kusema "imefungwa", akiiweka timu katika ngeli ya I-ZI pamoja na nyumba na meza. Anaweza kusema "wamefungwa", akiwakubali kuwa watu, lakini watu wengine, walio mbali naye. Au anaweza kusema "tumefungwa". Silabi moja tu, tu-, na tayari amejitia ndani ya lile jeraha. Hakugusa mpira. Alikuwa ameketi kwenye benchi la mbao na soda mkononi. Lakini amefungwa.

Mnamo 1976, mwanasaikolojia Robert Cialdini na wenzake walichapisha utafiti kuhusu wanafunzi wa vyuo vikuu vya Marekani na timu zao za mpira wa kule kwao, ule wa kubeba mikononi. Waligundua mambo mawili. Kwanza, Jumatatu baada ya ushindi wanafunzi walivaa zaidi nguo zenye nembo ya chuo. Pili, walipoulizwa kwa simu waeleze matokeo ya mechi, walielekea kusema 'sisi' timu iliposhinda kuliko iliposhindwa. Kwa lugha yetu: tumeshinda, wamefungwa. Nimewahi kuwapa wanafunzi wangu zoezi la kusikiliza tu, bila kuuliza, siku za Jumatatu, na kila mwaka hurudi wakicheka. Ushindi una baba wengi sana na wote wanajua kuunyambua.

Desemba iliyopita nilikuwa nyumbani Ikutha, kusini mwa Kaunti ya Kitui. Siku hizi, tangu lami ya kutoka Kibwezi kwenda Kitui ipite pale, soko limechangamka, na kuna banda la kutazamia mpira ambalo ndugu zetu wa Tanzania wangeliita kibanda umiza: mabati, mabenchi, joto la kutosha kukaushia pojo, na runinga mbili ukutani. Jumamosi moja niliingia, nikalipa kama wengine, nikakaa nyuma. Timu moja ya London ikafungwa bao katika dakika za nyongeza.

Nikafungua masikio badala ya macho. Kijana aliyekuwa mbele yangu alishika kichwa: "Aki hawa watu! Wamenichomea!" Jirani yake: "Mimi wameniangusha mara ya tatu mwezi huu." Wa tatu, mwenye jezi ya timu hiyohiyo, alikaa kimya kitambo, halafu akasema polepole, kama anayetoa habari za msiba, "Tumepigwa."

Msomaji wangu, hapo pana somo zima la mofolojia. Wa-me-ni-chom-e-a. Kiambishi cha nafsi ya kwanza kipo, lakini kimehama. Hakipo tena mwanzoni mwa kitenzi, mahali pa mtenda. Kimesukumwa katikati, mahali pa mtendwa. Timu ni 'wao', mimi ndiye niliyetendewa, na ile kauli ya kutendea inakamilisha mashtaka: wamechoma, na wamechoma kwa hasara yangu. Kijana huyo hakuwa amepoteza mechi, bali alipoteza mkeka wake wa kamari, mia mbili au mia tano alizokuwa ameziweka kwenye simu. Dakika tano baadaye alikuwa akiishangilia timu nyingine kabisa kwenye runinga ya pili, kwa sababu nayo ilikuwa kwenye mkeka. Simlaumu kwa kuwa na njaa ya pesa. Nasema tu kwamba sarufi yake si ya shabiki. Ni ya mdai.

Mnadi swala wa kamari ameingia mbali zaidi ya mabanda. Kampuni ya SportPesa ilidhamini Gor Mahia na AFC Leopards, ikadhamini Simba na Yanga pia, na ikawa na jina lake kifuani mwa Everton. Ndiyo sababu Julai 2017 Everton ilikuja Dar es Salaam kucheza na Gor Mahia, Wayne Rooney akafunga, na K'Ogalo ikalala 2-1. Miaka miwili baadaye, katika mvutano wa leseni na kodi na serikali ya Kenya, udhamini ulikatwa na klabu zikabaki zikihangaika kulipa mishahara. Hapo ndipo ilipoonekana ni akina nani waliosema 'tuna shida' na ni akina nani waliosema 'wana shida'. Tofauti kati ya t na w ilikuwa ni harambee ya nauli ya wachezaji.

Turudi bandani. Nje yake huketi fundi cherehani mmoja, rika langu au zaidi kidogo, ambaye hashabikii timu yoyote ya Uingereza. Yeye ni wa Leopards. Hajawahi kuingia Nyayo wala Kasarani, na sidhani kama ana nia. Aliinasa Ingwe, au Ingwe ilimnasa, kupitia redio ya betri zama za Sauti ya Kenya, enzi ambapo watangazaji kama hayati Leonard Mambo Mbotela walikuwa wakiuchora uwanja mzima kwa maneno, hadi msikilizaji wa Ikutha akaona chaki ya mstari. Nilimuuliza timu yake inaendeleaje. Akavuta uzi, akaukata kwa meno. "Jumapili tulifungwa, mwalimu. Lakini sisi tumezoea."

Vijana waliosimama pale wakamrukia. "Mzee, hiyo timu si ya Waluhya? Wewe Mkamba unaitakia nini?"

"Na hiyo Arsenal yenu," akajibu bila kuinua macho, "ni ya Wakamba wa wapi?"

Kicheko kilichofuata kilisikika mpaka stendi ya bodaboda. Lakini jibu lake lina historia nyuma yake. Klabu hiyo ilianzishwa 1964 kwa jina la Abaluhya. Mnamo 1980, serikali ilipotaka klabu ziache majina ya kikabila, ikageuka All Footballers' Confederation, ndiyo AFC hiyo. Gor Mahia, iliyozaliwa 1968, nayo ililazimika kwa muda kujiita Gulf Olympic Rangers, ujanja uliohifadhi herufi za G, O na R. Wengi tulicheka majina hayo yaliyobuniwa haraka ofisini. Fundi wetu yeye aliyasadiki. Kama ni shirikisho la wacheza kandanda wote, alisema, basi hata sisi tusioucheza tumo. Mara ya mwisho klabu yake kutwaa ubingwa wa ligi ilikuwa 1998. Zaidi ya robo karne ya 'tumefungwa', 'tumetoka sare', 'tumenyang'anywa'. Hakuna mkeka unaovumilia hivyo.

Nadhani msomaji wa Kibwezi ameshaliona jibu langu linakoelekea. Tiketi ni jambo jema. Klabu zetu zinaishi kwa viingilio, na shemeji ana haki ya kujivunia fedha yake na jua analochomwa. Rangi na kelele nazo ni jambo jema: nani asiyemkumbuka Isaac Juma, aliyejipaka mwili mzima rangi za bendera kila Harambee Stars ilipocheza, hadi alipouawa nyumbani kwake Mumias Mashariki Januari 2022? Huyo alistahili kila heshima aliyopewa. Lakini tiketi haithibitishi nafsi. Wapo walioketi jukwaa kuu la Kasarani Agosti 2025, wakati wa CHAN, tulipowalaza DR Congo 1-0, Morocco 1-0 na Zambia 1-0, wakaimba 'tumefuzu' kwa sauti iliyotikisa Thika Road. Ilipofika Agosti 22 na Madagascar ikatutoa kwa matuta baada ya sare ya 1-1, kundi langu la WhatsApp lilibadilika kabla mkwaju wa mwisho haujapoa. "Hawa vijana hawana penalti." "Hao hatuwezi kuwategemea." Hao! Majirani zetu walikuwa wale wale, jezi zilikuwa zile zile, ila kiambishi kilikuwa kimeondoka.

Tukumbuke kwamba yapo malalamiko ambayo hayamtoi mtu ndani. "Kipa ametuangusha" ni kauli ya shabiki kamili. Anamlaani kipa, ndiyo, lakini ile -tu- ya katikati inatangaza kuwa mlaani naye ameanguka. Shabiki ana ruhusa ya kukasirika, na kwa kweli hasira ya shabiki wa kweli huwa kali kuliko ya mpinzani. Ni kama mzazi anayegombeza mtoto wake mbele ya watu lakini hakubali jirani amguse.

Kuna kauli nyingine ya kuvutia. Wakenya huulizana, "Wewe ni timu gani?" na jibu ni "Mimi ni Gor", "Mimi ni Man U". Mtanzania hata 'ni' huiacha: "Mimi Yanga." Watetezi wa sarufi hukunja uso. Mtu anawezaje kuwa klabu? Wangependa "mimi ni wa Gor" au "ninaishabikia Gor". Kwa maoni yangu msemaji wa mtaani anajua anachofanya. Kitenzi kishirikishi 'ni' hakina wakati. Hakina jana wala kesho. Ndicho tunachokitumia kusema "mimi ni Mkamba" na "mimi ni mwanamke". Akitaka kuhama timu itabidi atafute kitenzi kingine na kukiri: "Nilikuwa Man U." Jaribu kuitamka sentensi hiyo mbele ya watu uone watakavyokutazama.

Sasa nigeukie upande wenye giza, maana sitaki ionekane kwamba tu- ni dawa isiyo na sumu. Mei 2009, usiku ambao Manchester United iliifunga Arsenal 3-1 katika nusu fainali ya Klabu Bingwa Ulaya, kijana mmoja Nairobi alijitoa uhai akiwa na jezi ya Arsenal. Habari hiyo ilienea ulimwenguni, na baadhi ya watu waliifanya mzaha. Mimi niliona mtu ambaye 'tumefungwa' ilikuwa imemeza kila 'ni-' aliyokuwa nayo: nina mama, nina kazi, nina kesho. Mwaka uliofuata, Oktoba 23, 2010, watu saba walikufa katika mkanyagano langoni mwa Nyayo kwenye mechi ya Gor na Leopards. Hao hawakufa kwa kupenda mpira kupita kiasi. Walikufa kwa sababu ya lango jembamba na mipango mibovu. Lakini kila derby ambamo mawe yamerushwa, sisi imekuwa kubwa mno hivi kwamba wao wameacha kuwa watu.

Lugha yetu iliona hatari hiyo mapema na ikaweka kizuizi. Mpinzani mkuu katika soka ya Afrika Mashariki haitwi adui. Kule Kariakoo ni 'watani wa jadi'. Huku kwetu ni 'mashemeji', kwa kuwa Mjaluo na Mluhya wameoana tangu zamani. Zingatia maneno hayo. Mtani ana haki ya kukucheka hata msibani, na wewe huna haki ya kumkasirikia, kwa sababu kesho zamu ni yako. Shemeji utakutana naye kwenye mahari, matanga na ubatizo. Utani na ushemeji ni mahusiano yasiyovunjika kwa matokeo ya dakika 90. Shabiki asiye na mtani, anayeishi na chuki tu, ningemtilia shaka kuliko yule asiye na tiketi. Na ndugu yangu wa Kibwezi, wewe umebahatika: mtani wako na shemeji wako ni mtu mmoja.

Kabla sijaweka kalamu chini, swali dogo la kisarufi ambalo wanafunzi huniuliza. Ni shabiki au mshabiki? Ni shabiki, wingi mashabiki, na upatanisho wake ni wa A-WA: shabiki amefika, mashabiki wamefika. 'Washabiki' inasikika sana redioni na huenda siku moja ikashinda, lakini mwanafunzi wa KCSE asiithubutu.

Pale Ikutha pia kuna timu ya vijana wa soko, inayofanya mazoezi jioni kwenye uwanja wa shule, palipo vumbi jekundu na magoli yasiyo na nyavu. Jezi zao ni za misimu mitatu tofauti. Banda hujaa, uwanja ule huwa na mbuzi wachache na watoto. Wafanyabiashara wa soko, wakiizungumzia timu hiyo, husema "wale vijana", na nimekuwa nikiisikia hiyo 'wale' kwa miaka. Siku chache kabla sijarudi chuoni, vijana hao walikwenda Mutomo kucheza, wakarudi jioni juu ya lori, kimya, bila nyimbo. Mama mmoja auzaye nyanya karibu na stendi alisimama, akaweka mkono juu ya macho kuzuia jua, akawauliza: "Kwani tumefungwa ngapi?"